Vigae Vitangoja

Benki waliniuliza hati ya nyumba.
Nikawaambia nyumba ninayo, ya kupanga,
chumba kimoja Uyole, nyuma ya mashine ya kukoboa,
ambako kila asubuhi pumba hunisalimia kabla ya watu.
Kijana wa mikopo akacheka kwa adabu, akafunga faili
taratibu, kama anayefunika chakula cha mgeni asiyekuja.

Miaka sita nimeosha malori ya Tunduma.
Gamboti la kushoto lilivuja,
na mguu huo hadi leo hutabiri mvua.
Nimeosha, sikung'arisha. Kuna tofauti.
Kuosha ni kuondoa tope ili tope lingine lipate nafasi.
Kung'arisha ni kuingia na mswaki kwenye tundu la hewa,
kunusa kiti ujue maziwa yalimwagika lini,
kuibembeleza rangi mpaka ikumbuke bandari iliposhukia.

Nikaandika kwenye daftari la mtoto, nyuma ya majedwali:
mashine ya presha, moja. Ya kufyonza vumbi, moja.
Simtanki, lita elfu mbili. Kokoto, tripu mbili.
Bati kumi na nne, geji thelathini
(fundi Gwakisa akafuta, akaandika ishirini na nane:
upepo wa huku haujui mzaha).
Leseni. Mita ya maji. Nta. Vitambaa laini, dazeni.
Jumla ikanitazama kama mama mkwe.

"Milioni nne na nusu, za kuosha gari?"
akauliza shemeji. "Ndoo si zipo? Mto si upo?"

Kikoba kikatoa milioni na laki mbili, kwa riba,
na kwa maneno ya mweka hazina, Mama Atuganile,
ambayo ni riba ya pili.
Nikauza nguruwe wawili, mmoja ana mimba;
huyo ndiye aliyeniuma.
Viazi vya Isyonje vilishuka bei mwaka huo,
gunia lilinunuliwa kama linaombewa radhi.
Bado pengo. Milioni moja na laki nane,
pengo la kuonekana hata macho yakiwa yamefumba.

Mama akapanda kutoka Tukuyu na kopo la majani ya chai.
Nililijua. Lilikuwa kopo la kaburi:
vigae vya baba, saruji, msalaba wenye jina.
"Amelala kwenye udongo mwaka wa nne," akasema,
"na hajalalamika. Alipokuwa hai alilalamika kila siku.
Chukua. Vigae vitangoja.
Lakini viwe vyeupe, si hivyo vya jikoni."

Tukafungua Jumatatu. Ikanyesha.
Jumanne ikanyesha.
Nani alipie maji, na mbingu inamwaga bure?
Jumatano ukungu ukashuka mpaka kwenye bango,
ukala jina langu.
Lwitiko, kijana wangu wa kazi, akang'arisha simtanki.
Sikumkataza.

Alhamisi, saa nne, Probox.
Imetoka Busokelo na ndizi, tope hadi kwenye vioo.
Mwenyewe ana koti la mvua na haraka;
bei akaikata katikati kabla sijaitamka.
Tukaingia ndani ya gari lile kama wafukuaji.
Chini ya kiti: maganda ya karanga, hereni moja,
risiti ya dawa, noti ya elfu kumi iliyokunjwa mara nne,
na jino la mtoto, limeviringishwa kwenye karatasi ya daftari.
Nikavipanga vyote juu ya dashibodi.

Noti aliiona. Akachukua jino kwanza,
akalitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.
Halafu akatazama boneti,
akajiona,
akavua kofia.
"Ndaga," akasema, na kulipa bei nzima.

Elfu ishirini na tano.
Deni, milioni tatu, mbali na riba zote mbili.

Jioni nikapita duka la vifaa,
mikono bado inanuka nta,
nikauliza bei ya kigae kimoja, cheupe.
Muuzaji akasema, hatuuzi kimoja.
Nikasema najua.
Nauliza tu.